Povu la Bwawani

Mvua za mwaka wa hamsini na nne zilipoanza Msambweni, Bi Biasha alishtakiwa kwa kufua nguo juu ya mti.

Mshtaki alikuwa Mzee Suleiman, mkubwa wa mtaa, aliyepiga marufuku sabuni karibu na bwawa la kuteka maji. Asubuhi ile, matawi ya mkwaju ulioinamia bwawa yalikutwa yana mapovu meupe, makubwa kama vifuu. Na mtaa mzima ulijua ni nani anayependa sabuni kupita kiasi.

"Shikamoo, mzee," alisema Biasha. "Mimi na magoti haya nipande mti nifue?"

"Marahaba. Povu halijitoi lenyewe, mwanangu."

"Na kamba ya kuanikia i wapi?"

Mzee alifikiri kidogo. "Umeificha."

Biasha alirudi nyumbani amefura. Kesho yake alfajiri alibeba kigoda, akaenda kukaa chini ya mkwaju amvizie huyo mfuaji. Kulipopambazuka akawaona: vyura wadogo wa rangi ya majivu, wameng'ang'ania tawi kwa vidole vyenye ncha za duara. Jike alikuwa akitoa ute, madume wawili wamempanda mgongoni, na wote watatu wakiupiga ute ule kwa miguu ya nyuma kama wanawake wapigao mayai ya mkate wa mayai, mpaka ukaumuka. Biasha alicheka peke yake hata machozi yakamtoka. Kisha akaenda kumwita mzee.

Suleiman alikuja, akawakagua mmoja mmoja.

"Hawa ni wakazi wa mtaa huu?"

"Wamezaliwa hapa, mzee. Wewe ulihamia kutoka Funzi."

"Basi marufuku inawahusu."

Akasimama chini ya tawi, akawasomea vyura marufuku yote, na kila asubuhi akarudi kuwakumbusha. Siku chache baadaye, katikati ya nasaha, Biasha akiteka maji kando yake, povu lililainika kwa chini, viluwiluwi wakaanza kudondokea majini: tii, tii, tii. Wengine wakaangukia kofia yake.

Mzee aliivua polepole. Viluwiluwi walikuwa wakifurukuta juu ya darizi.

"Lahaula! Kumbe ni nyumba ya watoto!"

Akachuchumaa, akaizamisha kofia mpaka wakaogelea wote. Halafu akainua uso kwenye tawi, akawaomba vyura radhi. Alipomaliza, akamgeukia Biasha, akamwomba na yeye radhi.

Biasha alimsamehe, ila moyoni kulimkereketa kuwa wa pili.