Thelathini na Saba Mlangoni

Saa moja kasoro asubuhi fundi cherehani alikipaka rangi kiatu cha kushoto cha binti yake, akakifunga kamba vizuri, akakiweka kizingitini. Kiatu kikaenda shule. Kilikuwa kikienda hivyo tangu polio ilipoupooza mguu wa mtoto, mwaka wa nne sasa, na saa nane kilirudi kimejaa vumbi la uwanjani. Binti mwenyewe alibaki sakafuni akimpangia mama yake vifungo. Mwalimu mkuu alishasema: madarasa yote yako ghorofani, ngazi kumi na nne, huyu atapandaje?

Viatu vya namna hiyo mtaani vilikuwa vingi tu. Vilipita pembezoni mwa barabara, na wenye baiskeli walivipigia kengele.

Kilichomkereketa maini fundi ni wifi yake. Mtoto wa wifi naye aliugua polio, ila iliishia kumwacha akichechemea. Ngazi alipanda, darasani alikaa. Siku karani wa serikali alipofika kuhesabu watoto waliopooza, wifi alikuja mbiombio kutangaza.

"Wifi weye, anayeandikwa anapewa chuma cha mguu bure! Wangu kashapanga mstari."

"Hongera," fundi alisema. Wivu ukamwinua kitini. Akamtia binti mgongoni, huyoo, shuleni.

Karani alikuwa mtu mpole. Alikaa darasani, akawatembeza wanafunzi mmoja mmoja kutoka mlangoni hadi ubaoni, na aliyechechemea akamwandika. Kati ya mia sita alipata watatu.

"Na huyu je?" fundi aliuliza, bado anahema kwa zile ngazi.

"Yuko darasa la ngapi?"

"Hasomi. Hawezi kutembea."

"Pole, mama. Fomu hii ni ya wanafunzi."

Nje ya mlango vilikuwa vimejipanga viatu thelathini na saba, kimoja kimoja, kila kimoja kutoka nyumba yake. Karani alivivuka kwa adabu asivikanyage, akaenda kuandika kwamba eneo hili polio ni nadra.

Mtoto wa wifi alipata chuma chake. Kilikuwa kinang'aa, na kila kilipopita dirishani kikilia kwa! kwa!, fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi asikisikie. Alikitamani hadi akajionea aibu. Na lile boksi la barafu lenye matone ya chanjo, lililokuwa likiletwa zahanati, likapelekwa kwingine, kwenye wagonjwa wengi.

Kisha kitindamimba wa wifi, aliyeanza majuzi tu kusimama dede, alishikwa na homa. Siku ya tano, fundi alipofungua mlango kukitoa kiatu cha binti yake, alikuta kingine kinasubiri nje, kidogo hata kiganja hakijai, kamba zinaburuta chini. Kilikuwa cha kulia. Alikijua. Siku kiliponunuliwa, wifi alikuja kukionyesha, na wivu ukamnyima fundi usingizi.

Alichuchumaa, akakifunga kamba.

"Fuatana na dada yako," alikiambia. "Barabarani mpite pembeni."

Vikaondoka pamoja, kikubwa kikikisubiri kidogo. Siku hiyo mlangoni mwa darasa vilikuwa thelathini na vinane. Kwenye fomu walibaki watatu.