Kompyuta Isiyoguswa

Tangu Khalidi alipoleta nyumbani Kiseke kompyuta yake ya mtumba kutoka Dubai, ya kuchapia kadi za harusi, alipiga marufuku mtu yeyote kuigusa. Hata vumbi lake alilifuta mwenyewe.

Jioni moja umeme ukakatika. Khalidi akaizima mashine, akawasha mshumaa, akausimamisha mahali pa juu umulike sebule nzima, kisha akakaa akilalama mpaka akachoka.

Asubuhi umeme ulikuwa umerudi na redio inaimba, lakini kompyuta kimya. Kitufe cha kuwashia kilikuwa kizito, hakizami.

"Wameniunguzia!" akafoka. "Umeme gani huu, ukiondoka hasara, ukirudi hasara!"

Akapima soketi kwa testa, umeme upo. Akabadilisha fyuzi ya plagi, wapi! Akafungua kasha, akapuliza vumbi, akanusa kama kuna kilichoungua. Hakuna. Hapo ndipo alipokumbuka kukitazama kile kitufe vizuri. Kando yake kulikuwa na kitu cheupe kilichoganda. Alikikwangua kwa ukucha, akakifikicha vidoleni. Nta ya mshumaa, tena imechuruzika mpaka ndani.

"Mboni!" alimwita mkewe kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Nani kaweka mshumaa juu ya kompyuta yangu?"

Mboni hakuinua hata macho kwenye ungo wa mchele aliokuwa akiupepeta.

"Baba Nusrat," alisema, "katika nyumba hii hiyo mashine anaigusa nani?"