Vijiko Vitatu Katika Bakuli la Mama

Mama yetu ana kasoro moja: hajui kumkatalia mtoto wake chochote kinachokuja ndani ya kijiko. Naiita kasoro kwa sababu ilikaribia kumtoa nyumbani kwake, na mimi sikuwa tayari kukaa nikiitazama ikimtoa.

Alitoka kwenye homa kali akiwa mifupa na ngozi. Homa ikaenda zake, tumbo likabaki na visirani. Leo limefunga, kesho linamkimbiza chooni, keshokutwa limejaa gesi hata hataki kuona sahani. Zahanati walimpima wakasema hawaoni ugonjwa. Ale kidogo kidogo, anywe maji ya kutosha. Daktari akauliza kama kuna virutubisho au dawa za asili anazotumia.

"Mbegu za chia tu, daktari," nikajibu haraka haraka. "Namwekea mimi mwenyewe kwenye uji."

Kaka yetu mkubwa ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wenzake wanamwita Breki, kwa kuwa hana. Siku alipoona gauni la Mama linavyoning'inia mabegani, alitoa hukumu palepale mlangoni.

"Nikirudi safari hii, kama hajapata nafuu, namhamishia kwangu. Hapa anaishi peke yake, atatufia hivi hivi."

 Breki alipoondoka, Mama alinishika mkono. Nyumba ile ameijenga kwa vidole vyake, kwa kusuka vichwa vya watu tangu sisi wadogo, na mpaka leo wateja wanakuja kukaa kwenye baraza yake, nusu kwa ajili ya nywele, nusu kwa ajili ya maneno. "Kwa kaka yako nitakuwa mgeni mpaka nife," aliniambia. "Nisaidie, mziwanda wangu."

Basi nikajifunga kibwebwe.

Kesho yake nilipita kwake kabla ya kwenda kazini, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Nikamkuta Dada yetu jikoni, sufuria ya uji iko wazi, anamimina unga wa kijani kwa kijiko kilichojaa mlima. Dada anafundisha chekechea, na kila binadamu kwake ana umri wa miaka minne.

"Unafanya nini?"

"Mlonge," alisema, bila hata kugeuka. "Una kila kitu. Namwekea tangu atoke kitandani. Usimwambie Breki, atajifanya anajua zaidi."

Nyuma ya kopo la majani ya chai palikuwa na chupa. Nilionja tone moja, ulimi ukataka kunihama. Nikamshuku Breki, nikampigia huko barabarani.

"Ah, hiyo shubiri," alisema kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo kubwa. "Inasafisha tumbo. Nikiwepo namtilia, nikisafiri anajitilia mwenyewe, aliniahidi. Usimwambie Dada yako, atanipigia kelele."

Watoto watatu, bakuli moja, na kila mmoja na siri yake, hata mimi na chia ambazo sikuwa nimewaambia wao! Wahenga walisema wapishi wengi huharibu mchuzi. Wapishi wanaojificha hawakuwafikiria.

Nilimfuata Mama chumbani nikiwa nimepandwa na hasira. "Mama, ulijua sote watatu tunakutilia vitu?"

"Uji wa kijani tena mchungu, mwanangu, utaacha kujua?"

"Na hukusema?"

"Kila mmoja ameleta kwa mapenzi. Sasa nimkatae nani?"

Kazi yangu ni kuchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Mteja analeta kipande cha pazia, anataka ukuta ufanane nacho. Naanza na nyeupe, natia rangi moja kidogo, nakoroga, napaka kwenye kibao, nangoja kikauke ndipo nitie nyingine. Rangi mbichi ni mwongo. Ukitia zote kwa pupa unapata tope, na tope halina kurudi nyuma. Tumbo la Mama tulikuwa tumelifanya tope.

Nilirudi zahanati nikasema kila kitu. Daktari alishika kichwa. "Acheni vyote kwanza. Shubiri msiirudishe kabisa. Vingine, tumbo likitulia, jaribuni kimoja kimoja, kidogo, na yeye mwenyewe aseme anavyojisikia."

Dada alinuna, Breki alifoka kwenye simu, mimi nikakaza uzi. Mama akala uji mtupu, wali laini, maboga, papai lililoiva, akanywa maji mpaka akanitania kwamba namgeuza samaki. Tumbo likatulia. Alianza kulala, akaanza hata kuuliza chakula kiko wapi.

Hapo nikaanza majaribio, na bila kumuuliza mtu nikatanguliza chia zangu. Nilikuwa na hakika nazo kama ninavyolijua jina langu. Nikazitia kavu kwenye uji kama zamani, na kila jioni nilimuuliza, "Vipi tumbo, Mama?"

"Salama."

Nikamwambia Dada kwamba tumeshinda. Nilitamba, sitaficha. Halafu mchana mmoja nikapita bila kutegemewa, nikamkuta Mama barazani. Mteja yuko kwenye mkeka na kichwa kilichosukwa upande mmoja, na Mama ameegemea ukuta, zipu ya gauni imefunguliwa, tumbo limevimba kama ngoma.

"Mama! Si ulisema salama?"

Alitazama chini. "Niliona haya. Hizi ni zako wewe. Wewe ndiye uliyenipigania."

Maneno yale yaliniuma kuliko matusi. Nililia mbele ya mteja wa watu, na sehemu kubwa ya kilio ilikuwa hasira.

"Sikia, Mama. Tumbo ni lako, mimi sina macho ya kuliona kwa ndani. Breki anarudi. Kama mimi mziwanda wako huwezi kuniambia sitaki, yeye utamwambiaje?"

 Mama akalichukua bakuli lililokuwa na mabaki ya uji wa asubuhi, akanisukumia.

"Basi sitaki," alisema polepole, kama anayejaribu kiatu kipya. "Zinanifunga tumbo. Tena zinateleza mdomoni kama mayai ya chura. Sijawahi kuzipenda hata siku moja."

Mteja aliangua kicheko, nami nikacheka huku machozi yanatiririka. Mfuko mzima wa chia niliubeba kurudi kwangu.

Tulisubiri tumbo litulie tena, ndipo ikafika zamu ya mlonge. Dada alikuja na kijiko chake cha mlima. Mama akafunika sahani ya mboga kwa kiganja. "Kidogo, mwanangu. Nusu ya hapo. Ukizidisha nakimbia." Dada alinitazama kana kwamba nimemfundisha mama yetu tabia mbaya. Lakini alipunguza, na nusu ile ilikaa vizuri.

Breki alirudi akiwa na begi kubwa tupu mkono mmoja, na mwingine kopo la poda ya mizizi mchanganyiko aliyouziwa njiani. Mama alikuwa barazani, mikono iko kwenye nywele za mtu. Hakusimama.

"Mama, bado hujanenepa," alisema Breki.

"Sijanenepa. Ila nakula, nalala, na kazi yangu naifanya. Siendi kwako, baba."

"Mama, mimi nataka tu..."

"Najua unachotaka, na nakushukuru. Na hiyo poda siinywi. Shubiri yako iliniumiza, nikaficha maumivu nisikuvunje moyo. Nimeacha kuficha."

Sijawahi kumwona kaka yangu akisimama ghafla namna ile. Aliitazama poda, akalitazama begi, kisha akakaa kwenye ngazi ya baraza, mtu mzima na kitambi chake. Nilimwonea huruma, maana nilishakaa mahali pale.

"Sasa mimi nitakuwa nakuletea nini?" aliuliza, sauti ikiwa ndogo.

Mama alifunga fundo la msuko, akampangusa vumbi begani kwa mkono wenye mafuta ya nywele.

"Njoo na njaa," alisema. "Nitapika mimi."