Mwavuli wa Mama Mkwe

Mwaka 1958 Sifuna wa Kangemi alirudi kutoka ng'ambo na digrii ya uchumi wa siasa. Chuo kimoja cha mjini kikamtaka atoe mhadhara mbele ya watu. Ukipendeza, ataajiriwa kufundisha. Ukiharibika, atarudi kufundisha hesabu shule ya msingi, kazi aliyokwisha kuiaga kwa mbwembwe.

Mada yenyewe aliipenda mno: mshahara ukiingia kijijini, mila hutoka. Aliifanyia mazoezi mbele ya kioo huku mkewe Nanjala akimenya viazi na kugonga sufuria kwa kisu badala ya makofi.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Mlangoni alisimama Athman, karani wa chuo, mtu wa Lamu mwenye adabu zake. Akamwona mama mmoja, gauni la kanisani, mwavuli mweusi kwapani, amejibanza nyuma ya nguzo.

"Mama, umekuja na nani?"

"Huyo msomi amemwoa binti yangu. Nataka kusikia kazi yake ni ipi. Niache hapahapa, mwanangu."

"Mama mkwe mzima akae nyuma kama mpita njia? Hata! Kwetu hilo halipo."

Akamshika mkono, akamkokota hadi safu ya kwanza.

Sasa, kwa Wabukusu, Waluhya wa kabila la Sifuna, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Sifuna alikuwa amefungua mdomo aseme "Mabibi na mabwana" alipomwona. Mama mkwe naye akafungua mwavuli mle mle ndani, akajifunika uso. Sifuna akageuka, akaanza kuuhutubia ubao.

"Mila ni nguo kuukuu," aliuambia ubao. "Mshahara ukija, watu huivua."

Waluhya waliokuwamo walishika mbavu. Wazungu wa kamati ya kuajiri wakatazama dari, wakitafuta palipovuja.

Mwenyekiti wa kamati akashindwa kuvumilia. "Bwana Sifuna, unasema mila imevuliwa. Mbona basi unahutubia ukuta?"

Sifuna aliiona kazi ikitoka mlangoni. Jibu la vitabuni alikuwa nalo, refu kama treni ya mizigo. Lakini kwa pembe ya jicho akauona ule mwavuli, akautambua. Aliuchagua mwenyewe katika duka la Mhindi kule Bazaar, siku za ualimu, uwe zawadi ya mama mkwe.

"Mabwana," akasema, kisogo bado kwa watu, "nimekosea kuanzia ukurasa wa kwanza. Aliye chini ya mwavuli ule ni mama mkwe wangu, na kwetu hatutazamani. Mwavuli wenyewe niliununua kwa mshahara wangu wa kwanza. Mshahara haukuiua mila. Uliinunulia mwavuli."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwomba aweke karatasi chini, aanze upya. Kazi akapata.

Nje, mama mkwe alimvuta kando Nanjala, aliyekuwa akimngoja mumewe.

"Mumeo ana heshima. Lakini hiyo ni kazi, mwanangu? Kusemezana na ubao?"

"Ndiyo kazi yake, mama."

"Na ubao wenyewe haujibu!"

Sifuna alifundisha pale mpaka akaota mvi. Hata baada ya mama mkwe kufa, kila alipofika kwenye somo la mila aligeuka kidogo. Wanafunzi walidhani anatafuta chaki.