Luan Shuzhen Akataa Kuonewa Huruma

Tangu astaafu kazi ya kiwanda cha nguo, Luan Shuzhen hakukosa asubuhi hata moja kwenye meza za mawe katika bustani ya mtaa wao, mjini Dalian. Alikuwa na miaka sitini na sita, mfupi, mwepesi wa mkono, na kwenye mpira wa meza wanaume wazima walimkwepa. Kisha baridi ilipokolea, nimonia ikamwangusha. Alilazwa siku kumi na tisa. Aliporudi nyumbani, kuvaa soksi tu kulimtoa jasho.

"Mama, raketi nimeiweka juu ya kabati," binti yake Xiaohe akamwambia. "Daktari kasema utembee. Hakusema ukapigane."

"Nipigane na nani, mwanangu? Ngazi zenyewe zinanishinda."

Walikaa ghorofa ya nne. Siku ya kwanza alishuka hadi ya tatu, akakalia ngazi na kulia, kiganja mdomoni majirani wasimsikie. Kesho yake alifika ya pili. Daktari alimwambia aongeze kidogo kidogo, na pumzi ikipanda asimame. Naye, mwanamke ambaye hata msimamizi wa kiwanda alishindwa kumwamrisha, akatii. Wiki ya tatu alikuwa akilizunguka jengo zima. Wiki ya sita Xiaohe mwenyewe akapanda kiti, akaishusha raketi, akaifuta vumbi.

Bustanini alimkuta Teng Guangfu, dereva wa basi mstaafu, mpinzani wake wa miaka yote, mtu wa mbwembwe.

"Dada Luan! Mimi nilidhani umeshahamia mbinguni!"

"Nilifika mlangoni wakanirudisha. Wakasema nije nikumalize wewe kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Mchezo ukaanza, na Shuzhen akashinda kumi na moja kwa nne. Watazamaji wakapiga makofi, lakini yeye hakucheka. Mipira ya Teng ilikuwa ikija laini, imenyooka, kama ya mtu anayecheza na mjukuu.

Akaiweka raketi mezani. "Bwana Teng, unanifanyia nini?"

"Dada, umetoka kuugua juzi tu..."

"Kuugua nimeugua, kufa sijafa. Nipige kama zamani. Huwezi, natafuta meza nyingine."

Teng akamtazama, akavua koti. Mchezo wa pili alimchapa kumi na moja kwa mbili. Mipira ilipinda, ikamkimbiza kushoto na kulia. Shuzhen akajibwaga kwenye benchi, anahema, uso mwekundu, anatabasamu kuliko alivyotabasamu tangu alazwe.

Akawa anakuja kila siku. Mchezo mmoja, kisha benchi. Baadaye miwili. Akafungwa na kufungwa, ila pointi zake tano zikawa sita, sita zikawa nane. Teng alipoanza kulowa jasho, Shuzhen aliliona.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano walifungana kumi kwa kumi. Meza nyingine zikaacha kucheza. Kumi na moja kwa kumi na moja. Shuzhen akavuta pumzi ndefu, ikaingia yote mpaka chini, haikukwama popote. Akapata pointi moja; ikabaki moja tu ashinde. Teng akapiga mpira wa pembeni kabisa, ule uliokuwa ukimshinda tangu arudi. Safari hii miguu ilimfikisha, mkono ukageuka, na mpira ukapita ubavuni mwa Teng yeye akiwa angali anaelekea upande mwingine.

Bustani ikalipuka kwa kelele. Teng akatupa kofia chini.

"Sikulala vizuri jana!"

"Jana ulilala saa mbili usiku, mkeo kaniambia!"

Teng akajikaza asicheke, akashindwa. Akazunguka meza, akamshika dada Luan mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa.

"Umerudi kweli," akasema.

"Nimerudi." Shuzhen akajifuta jasho, akawageukia waliosimama. "Haya, anayefuata ni nani?"