Kosa la Kuchekesha

Karakana nzima ilimwita Kipimo. Alikuwa seremala wa miaka ishirini na miwili kazini. Ukimwonyesha mlango, alikutajia mbao zinazotakiwa kabla hujameza mate. Mwezi ule meneja alikuwa amemwahidi cheo cha usimamizi.

Jumatatu, mbao za milango ya hospitali zilifika zikiwa fupi. Zote arobaini zilipungua shubiri nzima. Vipimo alivikokotoa meneja mwenyewe.

"Jamani, nisameheni," alisema huku akicheka. "Mimi na hesabu tuliachana darasa la nne, hata talaka sikuomba!"

Watu wakaangua kicheko. Karani akadakia kwamba yeye hesabu zikitajwa tu tumbo linamkata. Kipimo naye akacheka. Mbao zikasukumwa pembeni, nyingine zikaagizwa, na meneja akazidi kupendwa.

Alhamisi ikaletwa mashine mpya ya kuranda. Meneja akawakusanya mafundi, akampa Kipimo karatasi ya maelekezo.

"Msimamizi mtarajiwa, tusomee. Kwa sauti, tafadhali."

Kipimo akaipokea. Miaka yote hiyo alikuwa na jibu moja, akalitoa. "Miwani nimeiacha nyumbani, bosi."

"Chukua yangu, kaka," karani akasema, kwa wema kabisa.

Akaivaa. Akaikodolea macho ile karatasi mpaka mtu akakohoa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Sijui kusoma," akasema. Kisha akaikumbuka Jumatatu, akajilazimisha kutabasamu. "Mimi na herufi tuliachana darasa la pili!"

Hakuna aliyecheka. Fundi rangi akainamia viatu vyake. Karani akanyoosha mkono taratibu, akaichukua miwani yake kama anayemvua mgonjwa.

Kesho yake meneja alimwita ofisini, akafunga mlango, akazungumza kwa sauti ya msibani.

"Pole sana, kaka. Ungeniambia mapema, tungeyamaliza kimya kimya. Lakini msimamizi asiyejua kusoma, watu watatuonaje?"

"Na zile mbao, bosi?"

"Mbao zipi?"

Kipimo akamtazama usoni kutafuta mzaha, asiuone. Mtu yule alikuwa amesahau kweli.

Cheo akapewa fundi rangi. Haikupita wiki, akamjia Kipimo na mchoro wa ngazi za shule, mbele ya watu wote, bila hata kupunguza sauti.

"Kaka, nipigie hizi. Mimi hesabu hazipandi kabisa."

Wawili watatu wakacheka. Kipimo alitamani kuuchanachana ule mchoro. Lakini ngazi zile zingepandwa na watoto, na kipandio kimoja kikizidi vingine kwa kimo, mtoto angejikwaa avunjike jino. Akafumba macho, akapiga hesabu kichwani, akataja kimo na upana wa kila kipandio. Msimamizi akaandika yote kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi yake chini, akaenda kumwonyesha meneja.

Kipimo akarudi kwenye randa yake. Siku ile hakumjibu mtu salamu.