Fungate ya Mji wa Kobe

...au sukari nimeshatia, sijui, kijiko kimelowa kwa hiyo huenda nimetia, birika, vikombe viwili, kisahani cha gathia za dengu, sinia liko mikononi na pazia liko mbele ya uso wangu, hatua mbili tu nitokee barazani, na miguu haiendi, kwa sababu ya alivyosema yule Rajabali sasa hivi, huku anacheka, unakumbuka, Abbasali bhai, siku nne nzima tulicheza karata pale Kobe, mvua inanyesha, kila asubuhi unasema leo nakwenda kwa mke wangu, na kila jioni nakukuta kwenye kiti kilekile... na mume wangu hakucheka, nimesikia kiti chake kikilia tu, siku nne, karata, na mie aliniambia kazi, kazi imezidi, Dolat, viwanda vya nguo haviishi, aliandika hivyo katika barua mbili fupi za Kigujarati zilizoletwa na mtu wa treni, na barua hizo ninazo mpaka leo sandukuni, chini ya nguo zangu, mjinga mie, nimezitunza. Huyu Rajabali anakaa Kobe nusu ya mwaka, ndiye anayetununulia kanga na viatu vya mpira, ameshuka melini juzi, hajui kama nipo hapa nyuma, au anajua na hajali, wanaume wakikaa barazani hudhani sie tulio ndani tumelala... Kobe, Bi Somoe, jirani mteja wetu, alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la chumvi, mji unaitwa kobe, mama, ndiyo maana mlikawia kurudi, nikacheka naye, hapa Temeke nani ana haja ya kujua Japani ni wapi, lakini kule mjini jamaa wote walijua, baba mkwe, Bwana Bandali, alihakikisha wanajua, mwanangu akienda kuagiza nguo atakwenda na mkewe, fungate yao itakuwa Japani, na wenye kiwanda, kwa kuwa sie ni wateja wao wa miaka mingi, wakatuwekea nyumba ya wageni ya kifahari huko msituni, milimani nyuma ya mji, vyumba vinne kwa watu wawili, milango ya karatasi, mikeka minene inayonukia majani mabichi, majoho ya hariri, bwawa dogo la mawe linalojaa maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe, mierezi mirefu hata ukiinua shingo huoni ncha. Siku arobaini melini tulilala mbalimbali, wanawake vyumba vyao, wanaume vyao, na kabla ya hapo harusi, watu wamejaa mpaka jikoni, kwa hiyo jioni ile ya kwanza msituni ndiyo tulikuwa peke yetu kwa mara ya kwanza, mimi na yeye, naye akakaa ukingoni mwa mkeka akaanza kunieleza habari za kanga, nyekundu ya Japani haichuji siku hizi, nikasema ndiyo, akasema kesho huenda ikanyesha, nikasema ndiyo, jioni ya pili vilevile, siku ya tatu akavaa koti, nakwenda mjini, nitarudi kabla ya magharibi, nikasema ndiyo, akarudi baada ya siku sita.

Hodi, mama, hodi dukani... Bi Somoe huyo, dirishani, anataka mafuta ya taa chupa moja, na nisipojibu atajua kuna jambo, na nikijibu hawa wa barazani watajua nilikuwa hapa, nimebana pumzi kama mwizi ndani ya nyumba yangu, kisha sauti ya Abbasali, subiri kidogo, Bi Somoe, mama yuko jikoni, nitakuja mwenyewe, haya baba, nasubiri... jikoni, anadhani niko jikoni, basi hajui kama nimesikia. Sita toa nne, mbili. Siku mbili za kazi na nne za karata, na mie huko juu sijui hata neno la maji kwa lugha yao, siku ya kwanza nililia, kweli nililia, nilikaa na viatu miguuni nikitazama njia mpaka giza likaingia, kesho yake mama mmoja mzee, mtunza nyumba ile, akaja akapiga magoti, akanivua viatu, akaniosha nywele kwa maji ya moto, akaniita Dorato, ulimi wake haukuweza zaidi ya hapo, na akaniacha. Akaniacha. Nyumba ya baba yangu tulikuwa watu kumi na mmoja, tangu nilipojua kutembea naitwa, Dolat maji, Dolat mtoto analia, Dolat nani yuko mlangoni, na kule hakuna aliyeniita, asubuhi nzima hakuna, nikavaa viatu vya mbao nikatoka peke yangu, nikafuata njia katikati ya mierezi, chini kuna majani laini ya kijani kama zulia, hata hatua zangu sikuzisikia, siku ya tatu nilikaa ndani ya yale maji mpaka vidole vikakunjamana, mvua inanidondokea kichwani, nikacheka, sijui nilicheka nini, siku ya nne niliacha kutazama njia, na ile ya sita niliposikia viatu vya mwanamume kwenye changarawe moyo ulinishuka, Mungu anisamehe, mume wangu amerudi salama na mie nimekasirika, basi, nikasema, imekwisha. Na alipoingia, amelowa, uso umesawijika, akaniuliza ulikuwaje, Dolat, nikamtazama na nikamwambia, nililia kila siku. Kila siku. Ilinitoka tu... naye akakaa chini palepale akashika kichwa, nisamehe, usimwambie mama, na sikumwambia, mama mkwe alinikalisha kati ya wanawake wote pale mjini, haya tueleze, tueleze, nikawaelezea msitu na hariri na jinsi mume wangu alivyonishika mkono kwenye ngazi za mawe, wakanong'onezana, Bi Khatija, mama mkwe huyo, akajivuna siku nzima. Na tangu hapo nikinyamaza kidogo tu Abbasali hunitazama kwa hofu kisha hunipa nitakacho, cherehani nilipewa hivyo, dirisha la chumba cha nyuma lilitobolewa hivyo, kwenda mjini Alhamisi kwa mama yangu, hivyohivyo, kwa machozi ambayo sikuyalia, sasa mie ndiye wa kukasirika hapa, eti karata, nani amemdanganya mwenziwe zaidi...

Lakini kwa nini hukwenda, anasema Rajabali, na sasa hacheki, treni yenyewe ni saa moja tu, kazi ulimaliza siku ya pili, mimi nilidhani mmegombana. Hatukugombana. Basi nini. Nilimwogopa... sauti yake imeshuka, nimelazimika kusogea, pazia linanigusa mdomo, linanuka vumbi na bizari, ulimwogopa, msichana yule, ndiyo, nilimwogopa, kila nikisema kitu anasema ndiyo, nikasema moyoni huyu hanitaki, amepewa tu, kama mimi nilivyopewa, ila mimi nilimtaka tangu siku ile nilipomwona msikitini anawapanga watoto wadogo mstari, na sikujua namna ya kumuuliza, nikakimbia, kila asubuhi nikifika stesheni miguu inarudi. Na uliporudi je. Niliporudi akaniambia alilia kila siku, Rajabali, kila siku alinililia mimi, kumbe ananitaka, tangu hapo nalala usingizi... Rajabali anakohoa, na mie hapa sinia limekuwa zito, msikitini, siku ile ya watoto nilikuwa na kilemba cha yule mtoto nani kilichofunguka mkononi, nilikuwa nimefoka, nimetokwa jasho, na mtu alikuwa ananitazama akanitaka, mie sikujua, hakuna aliyeniambia, walisema tu kijana wa Bandali, nyumba nzuri, sema ndiyo. Aliniogopa. Mtu mzima, ana ndevu, ana duka, amevuka bahari mbili, ameniogopa mimi, na sasa analala usingizi juu ya uongo wangu, nikiuondoa ataanguka, nisipouondoa nitakuwa namtazama amelala kila siku nikijua. Naweza kunyamaza, nimezoea, nitazeeka nayo. Au Rajabali akiondoka nimwambie Abbasali, tukiwa dukani wawili tu, marobota ya kanga kati yetu, nimwambie sikulia, siku ya kwanza tu, siku nyingine tano nilikuwa mzima na nilifurahi, na uliporudi nilikasirika, nimtazame uso, huenda akachukua koti akaenda kukaa kwa mama yake mjini, huenda akanyamaza mwezi mzima, ni haki yake... au huenda akakaa juu ya robota akaniuliza, sasa ulikuwa ukifanya nini siku zote zile, Dolat, huko peke yako, na tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo, na ninaona sasa, nikiwa bado nimesimama hapa na chai inapoa, kwamba nataka aniulize, namtaka yeye.